Bibi Titi Mohamed: Sauti ya ngoma iliyokijenga chama, kisha ikanyamazishwa

Wakaazi wa Kajaga, magharibi mwa Bujumbura kwenye njia ya kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, huamka kila siku wakilitazama ziwa ambalo jina lake lilipewa nchi nzima. Mwaka 1920 Waingereza walikuwa wakilitafutia jina eneo kubwa walilolitwaa kutoka kwa Wajerumani. Walichukua jina la ziwa hili, na eneo hilo likaitwa Tanganyika. Ruanda na Urundi, zilizokuwa sehemu ya koloni lilelile la Kijerumani, ziliangukia mikononi mwa Wabelgiji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pande zote mbili ziliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, pamoja na maeneo mengine tisa, yakiwemo Nauru, Samoa ya Magharibi na visiwa vya Pasifiki vilivyosimamiwa na Marekani. Kila baada ya miaka mitatu ujumbe kutoka New York ulifunga safari, na katika safari hiyo hiyo moja ukakagua Ruanda-Urundi na Tanganyika.

Wakati wajumbe hao wakipokea risala za machifu na za wasomi, katika vichochoro vya Dar es Salaam kulikuwa na mwanamke wa umri wa chini ya miaka 30 aliyejulikana kwa jambo jingine kabisa: alikuwa akiongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma. Jina lake lilikuwa Titi binti Mohamed. Katika muda wa miaka michache Tanganyika yote ingemfahamu kama Bibi Titi. Hapa inafaa kukumbusha, kwa kuwa katika Kiswahili cha Bujumbura na cha Uvira neno bibi mara nyingi lina maana ya mke, kwamba kwa watu wa pwani ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote mwenye hadhi yake. Yeye alibaki nalo hadi kufa, hata katika miaka ambayo heshima zote nyingine alikuwa amevuliwa.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926 katika familia ya Kimatumbi, kabila la kusini mwa Mto Rufiji ambalo ndilo lililoanzisha Vita vya Majimaji mwaka 1905. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake mkulima. Baba, kama Waislamu wengi wa mji huo wakati ule, hakupenda binti yake aingie shule ya serikali, akiihofia kuwa njia ya kumtoa mtoto katika dini. Baada ya baba kufariki mama alimpeleka shule, na Titi akasoma hadi darasa la nne. Akaozwa akiwa na miaka kama 14, kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa hiyo haikudumu, ila ilimpa binti mmoja, Halima. Baadaye aliolewa tena, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa mke wa Boi Selemani, dereva wa teksi.

Kikundi chake cha ngoma kiliitwa Bomba. Wale waliokulia Buyenzi hawahitaji kuelezwa sana mambo haya, maana vikundi vya namna hiyo vilifuata Waswahili popote walipoweka kambi, kutoka pwani hadi Ujiji na hadi ng'ambo ya ziwa. Lelemama na ngoma nyinginezo za wanawake hazikuwa mchezo tu wa siku ya harusi. Kikundi kilikuwa na viongozi wake, mweka hazina wake, sare zake za kanga, michango yake ya msiba na ya uzazi, na wapinzani wake ambao kila msimu ilibidi washindwe kwa mavazi na kwa maneno. Ndani yake alikaa Mmatumbi na Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi, bila kuulizana sana asili. Kiongozi wa uimbaji ilimpasa awe na sauti, na zaidi ya sauti awe na uwezo wa kuwaita wanawake mia mbili mahali pamoja nao wakaja. Watawala wa kikoloni hawakuziona taasisi hizi. Katika hesabu yao ya watu wenye ushawishi walikuwemo machifu, makarani, walimu na wafanyabiashara.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Julius Nyerere, wakati huo mwalimu wa shule ya Pugu, akawa rais wake. Tatizo lake kubwa la mwanzo halikusimuliwa sana baadaye, pengine kwa sababu halikuwa la kishujaa. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na karibu kila Mwafrika aliyekuwa na elimu alikuwa mtumishi wa serikali au wa shule iliyopata ruzuku yake. Karani aliyenunua kadi alihatarisha mshahara wake. Nyerere mwenyewe ilimlazimu kuacha ualimu mwezi Machi 1955. Kwa hiyo chama kilichodai kusema kwa niaba ya watu milioni kadhaa kilikuwa na viongozi wachache wenye ujasiri na wanachama wachache sana waliothubutu kuonekana.

Wanawake wa mjini hawakuwa na ajira ya serikali ya kupoteza. Walipika maandazi na vitumbua, walipika pombe, walilima nje ya mji, walipangisha vyumba. Hakuna mkuu wa wilaya aliyeweza kumfukuza kazi mama muuza maandazi.

Swali la mgeni kutoka London

Inasimuliwa kwamba aliyechokoza jambo lenyewe alikuwa Mwingereza. John Hatch, ofisa wa Chama cha Labour aliyeshughulikia mambo ya makoloni, alizuru Dar es Salaam katikati ya mwaka 1955, akakutana na viongozi wa TANU na kuwauliza kama chama chao kilikuwa na tawi la wanawake. Walijibu kwamba lilikuwepo. Kwa kweli halikuwepo, na sasa ilibidi lipatikane haraka. Kadi za chama zilikuwa tayari zimefika nyumbani kwa Boi Selemani kupitia Schneider Plantan, mmoja wa wanaharakati wa awali wa mji huo. Boi alikuwa na kadi namba 15, mkewe namba 16. Titi akaitwa.

Alichofanya kinaonyesha jinsi alivyouelewa mji wake kuliko wale waliomwita. Hakuanza kwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanawake maana ya Mkataba wa Udhamini. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, wakiwemo wale ambao Bomba ilikuwa ikishindana nao, akawaomba kila mmoja alete watu wake. Mwezi Julai 1955, katika ofisi ya chama iliyokuwa Mtaa wa New Street, tawi la wanawake lilizinduliwa mbele ya wanawake wapatao 400. Bibi Titi alichaguliwa kuliongoza, na Tatu binti Mzee akawa mwenzake wa karibu. Katika miezi mitatu iliyofuata wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Katika mji wa ukubwa wa Dar es Salaam ya wakati huo hiyo ilikuwa idadi ambayo wanaume wa chama hawakuwa wameikaribia.

Wengi wa wanawake hao walinunua kadi mbili: moja yao, nyingine ya mume aliyeogopa. Ya mume ilifichwa chini ya godoro au ndani ya sanduku la nguo, ikingoja siku ambayo haingekuwa hatari kuionyesha. Zipo familia za pwani ambazo mpaka leo zinajua ni bibi yao aliyemwingiza babu katika siasa.

Titi hakuwa amewahi kuhutubia mkutano wa siasa. Alijifunza jukwaani, na alijifunza upesi, kwa kuwa kuimbisha ngoma kulikuwa kumekwisha kumfundisha mambo mawili ambayo wasomi wengi hawakuyajua: kusubiri umati ujibu, na kutamka jambo zito kwa maneno ambayo mtu atayabeba hadi nyumbani. Nyerere alizungumza kama mwalimu, kwa hoja iliyopangwa. Bibi Titi alizungumza kama mtu aliyekuwa mle ndani ya nyumba ya msikilizaji asubuhi ileile. Wawili hao walizunguka nchi pamoja na viongozi wengine, kusini, magharibi na kaskazini, na kila walipofika wanawake walitoka kwanza. Kiswahili kilikuwa silaha yake ya pekee. Kiingereza hakukijua, na katika mikutano ya Tanganyika hakukihitaji. Jambo hilo lingekuja kumgharimu baadaye.

Kazi nyingine haikuwa ya jukwaani. Wanawake walichanga fedha za safari za viongozi, wengine wakauza vito vyao. Waliwapikia wajumbe, waliwalaza wageni, na usiku walilinda nyumba za viongozi. Mwaka 1957 serikali ya Gavana Edward Twining ilimpiga Nyerere marufuku kuhutubia hadharani, na matawi ya chama yakafungwa katika baadhi ya wilaya. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya, akapatikana na hatia na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela. Faini ililipwa. Katika vipindi vya namna hiyo chama kiliendelea kuishi kwa sababu kilikuwa na makao mahali ambapo amri za serikali hazikufika, yaani uani.

Kulikuwa na kinyume kimoja katika ushindi wao ambacho hakipaswi kupitwa haraka. Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima, uliofanyika kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kilichotambuliwa. Waliojiandikisha walikuwa yapata 60,000 katika nchi ya watu milioni tisa hivi. Wengi mno wa wanawake waliokijaza chama hawakuwa na hata sifa moja kati ya hizo, na elimu ya mwenyekiti wao ilikuwa nusu ya ile iliyotakiwa. Walifanya kampeni, waliimba, walitembea vijijini kuwahimiza wenye haki ya kura waende, kisha siku yenyewe wakasimama pembeni.

Habari za mambo haya hazikuishia Kigoma. Meli ya Liemba ilipita kati ya bandari za ziwa, na Waswahili wa Usumbura walikuwa na ndugu na shughuli Ujiji. Louis Rwagasore, aliyekuwa rafiki wa Nyerere, alipokuwa akiijenga UPRONA alipata katika mitaa ya Waswahili, Buyenzi mbele ya yote, baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo na waliokuwa imara zaidi. Utawala wa Kibelgiji uliwatazama watu hao kwa shaka ileile ambayo Waingereza waliitazama nayo New Street. UPRONA ilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Rwagasore akauawa tarehe 13 Oktoba, wiki chache kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake tarehe 9 Desemba.

Bungeni, na mlango unaoanza kufungwa

Baada ya uhuru Bibi Titi alikuwa na kila kitu ambacho mwanasiasa angetaka. Alikuwa mbunge wa Rufiji, naibu waziri, mjumbe wa vikao vya juu vya chama. Mwaka 1962 vikundi vya wanawake, pamoja na lile Baraza la Wanawake wa Tanganyika lililokuwa limeanzishwa na wake wa maofisa wa kikoloni, viliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwezi Julai mwaka huo huo, wiki chache tu baada ya Burundi kupata uhuru wake, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika Dar es Salaam na kuunda umoja wao wa bara zima, miezi kumi kabla ya marais kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa.

Lakini serikali haiendeshwi kama mkutano wa hadhara. Mafaili yalikuwa ya Kiingereza. Wataalamu walikuja na mipango iliyoandikwa. Kizazi kipya cha wanawake kilikuwa kinapanda, cha akina Lucy Lameck wa Moshi, muuguzi aliyepata nafasi ya kusoma Chuo cha Ruskin huko Oxford, mwanasiasa hodari ambaye hakuna wa kumdharau. Nchi changa iliwahitaji watu kama yeye, na hapakuwa na ubaya katika hilo. Hata hivyo ujuzi ambao ulikuwa umekijenga chama ulianza kutazamwa kama ujuzi wa zamani, wa kuitwa panapokuwa na sherehe. Wanawake wa lelemama walizidi kualikwa uwanja wa ndege kuwapokea wageni, na walizidi kutoalikwa kwenye kikao.

Mwaka 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mawaziri kadhaa waliangushwa. Bibi Titi alikuwa miongoni mwa walioanguka, huko Rufiji. Aliyekuwa ameisaidia nchi nzima kupata kura alishindwa kwa kura hiyo hiyo, na alikuwa bado hajatimiza miaka 40.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Kiongozi wa chama au wa serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizozipangisha. Alijiuzulu.

Wengi wameliandika jambo hili kana kwamba lilikuwa suala la tamaa, na wengine kana kwamba lilikuwa suala la msimamo. Msomaji wa Buyenzi au wa Bwiza ataliona kwa jicho jingine. Katika miji ya Waswahili nyumba ya kupangisha ndiyo ilikuwa pensheni ya mwanamke. Mume anaweza kufa au kuandika talaka, mshahara hana, shamba ni la ukoo wa mume. Vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji ndivyo vinavyomfanya mjane ale bila kumwomba shemeji. Azimio lilikusudia kumzuia kiongozi asigeuke bwanyenye, nalo lilikuwa na sababu zake katika bara ambako mawaziri walikuwa wameanza kutajirika upesi. Ila halikupima tofauti kati ya waziri mwenye shahada, aliyeweza kurudi kwenye taaluma yake, na mwanamke wa darasa la nne ambaye nje ya siasa hakuwa na kingine isipokuwa kuta hizo. Nyerere aliona kanuni. Titi aliona uzee wake. Katika hoja hii, walau, mtu anaweza kuwaelewa wote wawili.

Palikuwa na jeraha lingine pia. Bibi Titi alikuwa mmoja wa viongozi wa tawi la Tanzania la Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 chini ya ulezi wa Aga Khan na iliyojenga shule na misikiti katika kanda nzima. Mgogoro ndani ya jumuiya hiyo ulichukua sura ya kisiasa, na mwishoni mwa mwaka 1968 serikali iliipiga marufuku. BAKWATA ikaundwa mahali pake. Kwa Waislamu wengi wa Dar es Salaam waliokuwa mstari wa mbele tangu siku za New Street, hilo lilikuwa pigo. Titi hakuficha kwamba hakukubaliana nalo.

Siku 127 za kesi

Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa. Pamoja naye walikamatwa Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri wa kazi na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na wengine, wakiwemo maofisa wa jeshi. Walishtakiwa kwa kula njama ya kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo hakuwa kizimbani: Oscar Kambona, katibu mkuu wa zamani wa TANU na waziri wa mambo ya nje, alikuwa ameondoka nchini tangu Julai 1967 na kuishi London.

Kesi ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika historia ya Tanzania, na iliendeshwa hadharani kwa siku 127, jambo ambalo si la kupuuzwa kwa miaka ile, wakati ambapo katika nchi nyingi za jirani tuhuma kama hizo zilimalizwa usiku bila hakimu. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini cha PAC, aliyekuwa akiishi uhamishoni Dar es Salaam. Alieleza kwamba alishirikishwa katika mipango hiyo, na kwamba alikuwa akiwaarifu maofisa wa usalama wakati wote. Mengi yalitegemea kama mahakama ingemwamini. Mahakama ilimwamini.

Februari 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikana mashtaka wakati wa kesi, na aliendelea kukana katika uhai wake wote. Hukumu iko katika kumbukumbu za Mahakama Kuu na haikuwahi kutenguliwa kwa kumtangaza kuwa hakutenda. Ukano wake nao uko katika kumbukumbu za wote waliomhoji. Wanahistoria wamebaki kugawanyika kuhusu ukubwa wa njama yenyewe na kuhusu kiasi gani yeye alihusika nayo, iwapo alihusika.

Mumewe alimpa talaka akiwa gerezani. Sehemu ya mali yake ikapotea. Mwaka 1972, baada ya hukumu yake kutumikiwa kwa muda mfupi kuliko wengi walivyotarajia, Nyerere alimsamehe na akatoka. Alikuwa na miaka 46.

Kilichofuata kilikuwa kimya cha karibu miaka 20, na kimya hicho pengine kilikuwa adhabu iliyodumu kuliko gereza. Hakuna aliyemkataza kuishi Dar es Salaam. Alitembea katika mitaa aliyoizaliwa, akawasalimu wanawake aliowauzia kadi, na baadhi yao walijibu salamu kwa sauti ya chini, wakitazama kwanza ni nani aliye karibu. Kila Julai chama kilisherehekea kuzaliwa kwake, kila Desemba taifa lilisherehekea uhuru, na katika hotuba jina lake halikutajwa. Watoto wa shule walijifunza orodha ya wapigania uhuru ambayo karibu yote ilikuwa ya wanaume, nao hawakuwa na sababu ya kushangaa, kwa kuwa hawakujua aliyekosekana.

Mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, alimtafuta na kukaa naye kwa mazungumzo marefu, pamoja na wanawake wengine wa tawi lile la mwanzo. Kutokana na kazi hiyo kilitoka, mwaka 1997, kitabu kilichobadili namna wasomi wanavyoieleza TANU. Kabla yake maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba wanaume wachache waliosoma walibuni utaifa, kisha wakaupeleka kwa watu. Wanawake wale walieleza kwamba wao walikuwa tayari wakiishi bila kubaguana kikabila, kwa lugha moja, katika vikundi vyao, kabla chama hakijaundwa. Walichokikuta kwa Nyerere ni jina la kitu walichokuwa nacho. Mtu anaweza kulipinga dai hilo hapa na pale, maana Tanganyika haikuwa Dar es Salaam tu. Lakini kwa Waswahili wa Burundi, ambao mara nyingi wameambiwa kwamba hawana kabila na kwa hiyo hawana kwao, ni dai lenye uzito wake.

Heshima ilirudi polepole, na kwa sehemu. Mwaka 1991 Tanzania ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja tena kuwa miongoni mwa mashujaa wa mapambano. Alikuwa na miaka 65. Picha za zamani zikatolewa katika maktaba: mwanamke mnene, mrefu, kanga begani, kipaza sauti mbele yake, na pembeni Nyerere kijana, mwembamba, akimsikiliza. Nyadhifa hazikurudi, wala yeye hakuziomba.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi alimfuata mwaka mmoja na wiki tatu baadaye, tarehe 5 Novemba 2000, katika hospitali moja mjini Johannesburg alikopelekwa kwa matibabu. Alikuwa na miaka 74.

Dar es Salaam ya leo ina barabara pana yenye jina lake, ambayo maelfu ya abiria wa daladala huitaja kila siku kwa kifupi kama Bibi Titi. Inapita upande mmoja wa viwanja vya Mnazi Mmoja, vile alivyohutubia. Upande wa pili wa viwanja hivyo uko Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, na ambapo ofisi ya chama ingalipo.